Jeni za Jicho la Furu

Wanafunzi wa Buswelu, jirani na Ziwa Victoria, wanamfahamu samaki aitwaye furu. Katika miaka ya 1990, Ole Seehausen, aliyekuwa bado mwanafunzi wa shahada ya udaktari, alichunguza rangi za samaki hao katika Ghuba ya Mwanza. Penye maji maangavu, furu dume wa buluu, Pundamilia pundamilia, huishi karibu na uso wa maji. Dume mwekundu, Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu Nyerere, huishi chini zaidi, ambako nuru nyekundu ndiyo inayofika kwa wingi.

Sababu ilionekana katika jeni. Mwaka 2008 Seehausen na wenzake, akiwamo Hillary Mrosso wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania, walieleza kwamba aina hizi mbili hutofautiana katika jeni ya protini inayopokea nuru nyekundu jichoni. Jike huchagua dume kwa rangi anayoiona vyema. Penye maji ya tope, kama kisiwani Luanso, rangi hazibainiki, na aina hizo huchanganyika.

Swali: Udongo unaochukuliwa na mvua kutoka mashambani huwadhuruje samaki?