Mafunzo Niliyopata kwa Kutengeneza Kinara cha Kupigia Picha Droni Ndogo

Droni ninazozipiga picha zinaenea kiganjani: milimita 65 kutoka mota moja hadi ile ya pembe ya pili, uzito chini ya gramu 30. Nilizianza nikiwa nimepiga harusi kwa miaka mingi, nikadhani kitu kidogo ni kazi ndogo. Kinara, yaani waya uliosimikwa wa kuibeba droni, nilikitengeneza mara tatu ndipo kikakubali. Wewe unayetaka picha inayoonyesha hata skrubu, yachukue haya kabla hujakata waya.

1. Kitako kwanza, waya baadaye

Kinara cha kwanza kilikuwa spoku ya baiskeli niliyoichomeka kwenye kipande cha mbao, droni ikikaa nchani. Picha zote zilitoka na ukungu. Nililaumu lenzi, nikaazima nyingine, ukungu ukabaki. Siku moja niliegemeza kiwiko mezani nikaona ncha ya spoku ikitetemeka. Shata nilikuwa naiacha wazi kwa robo sekunde. Mtikisiko ambao jicho langu lilikuwa halijauona, kamera iliuandika wote. Nikajaza saruji kwenye kopo la rangi, nikaisimika humo spoku fupi. Kabla ya kulaumu kifaa cha gharama, kagua kinachobeba mzigo.

2. Pima mizani kama utakavyopiga

Nilitafuta katikati ya droni kwa kuiweka juu ya ncha ya kidole, betri ikiwa ndani. Nilipokwisha kuipandisha kinarani nikaitoa betri, mota zisije zikazunguka karibu na vidole. Nilipogeuka kuchukua kamera, droni iliinama, ikateleza, propela ikakatika. Betri ile ya gramu 8 ilikuwa imeondoka na mizani yangu. Kutoa betri ni sahihi. Kosa lilikuwa kupima kabla ya kuitoa. Kitu kijaribu katika hali ileile utakayokitumia.

3. Waya hufichwa na mahali, si rangi

Niliipaka spoku rangi nyeupe ifanane na manila ya nyuma. Upande mmoja ukashika kivuli, mstari ukaonekana wazi, nami nikamaliza jioni nzima kuufuta kwenye kompyuta. Dawa yake ilinishangaza kwa wepesi: niliikunja spoku iingie kwa nyuma, ikielekea lenzi, mwili wa droni ukaifunika. Tatizo linaloisha kwa koleo, usilipeleke kwenye kompyuta.

4. Rudi nyuma kidogo

Nilisogea karibu mno; propela ya mbele ikatoka kali, ya nyuma ikayeyuka. Nikabana tundu la lenzi hadi f/22, picha nzima ikalegea, kwa kuwa mwanga unaopita kwenye tundu dogo sana hutawanyika. Sasa narudi nyuma, natumia f/11, napiga picha kadhaa nikisogeza fokasi kutoka mbele hadi nyuma, kisha naziunganisha. Zinaungana vizuri kwa sababu tangu ya kwanza hadi ya mwisho droni haijasogea hata chembe. Hapo ndipo ninapolishukuru lile kopo la saruji.