Dondoo muhimu: Land Rover kuukuu, wewe na mdogo wako
Anzeni na breki, injini itasubiri. Ukitoka Mlalo kwenda Lushoto, kisha Mombo, miteremko ni mirefu, na Land Rover za Series, zilizotengenezwa hadi 1985, zina breki za ngoma magurudumu yote. Ngoma zikipata moto, breki hulegea.

Kutoa upepo kwenye breki ni kazi ya watu wawili. Mdogo akae kwenye usukani, wewe ushike spana. Kwa gari la usukani wa kulia, anzeni gurudumu la nyuma kushoto, lililo mbali zaidi na masta silinda. Akanyage na kushikilia. Legeza nipo, mafuta yatoke, funga, ndipo aachie. Akiwahi kuachia, upepo unarudi. Kopo la juu la mafuta ya breki lisikauke. Halafu badilishaneni nafasi: anayekanyaga pedali siku zote hawi fundi.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na ukungu wa Usambara mnaujua. Kopo lililokaa wazi, achaneni nalo.

Jeki peke yake haiaminiki: stendi chini ya fremu, mawe kwenye tairi.

Mkishuka Mombo, wekeni gia nzito kabla ya mteremko.