Kalamu ya Mpingo Iuzwe Bei Gani?

Ndugu msomaji, leo chukua daftari na kalamu kabla hujaendelea kusoma. Somo letu ni la hesabu, na hesabu haisomwi kwa macho tu. Inaandikwa.

Tunataka kujua jambo moja: mtu akitengeneza kitu kwa mikono yake, bei yake ataipataje? Tumechagua kalamu ya mti. Ni kitu kidogo, na gharama zake ni rahisi kuzifuata. Lakini wewe unayechonga miiko, unayesuka mikeka au unayefinyanga vyungu, hesabu yako ni hii hii.

Tuchukue mfano. Tuseme yuko fundi katika kijiji kimoja cha mkoa wa Lindi. Anachonga kalamu za mpingo. Ananunua vipande vidogo vinavyobaki kwa wachonga vinyago, anavipasua, anavitoboa kwa keekee, anavichonga, vinapigwa msasa, kisha anavipaka nta ya nyuki ili ving'ae. Ndani ya tundu anatia mrija wa wino alioutoa kwenye peni ya plastiki ya dukani. Kalamu inatoka nzuri, nyeusi, nzito mkononi. Anaiuza Sh. 2,000/=.

Ukimwuliza kwa nini Sh. 2,000/=, atakujibu, "Ndiyo bei wanayonunua." Ukimwuliza faida, atakuhesabia kwa vidole. Mti, Sh. 6,000/=. Peni 20 za dukani kwa Sh. 300/= kila moja, Sh. 6,000/=. Jumla Sh. 12,000/=. Kalamu 20 zimempa Sh. 40,000/=. "Basi faida yangu Sh. 28,000/=, bwana!"

Na kwa kuwa anaamini hivyo, mwaka huu shamba lake la ufuta amelipalilia mara moja tu. Anasema kalamu zinalipa kuliko jembe. Hapo ndipo penye hatari, na ndiyo maana tumeandika somo hili.

Hebu tumsaidie kuhesabu upya. Msasa alitumia karatasi 4, kila moja Sh. 1,000/=. Nta ya nyuki Sh. 2,000/=. Halafu iko ncha ya keekee. Aliinunua zamani, kwa hiyo ameisahau. Lakini mpingo ni mti mgumu mno. Kipande chake ukikitupa majini kinazama kama jiwe, na kila chombo kinachoukata hupoteza makali upesi. Tuseme ncha moja inauzwa Sh. 10,000/= na inatoboa matundu 100 kabla ya kwisha. Basi kila tundu linakula Sh. 100/=.

Alitoboa matundu mangapi? Utasema 20. Hapana. Alitoboa 24. Vipande vinne vilipasuka, maana mpingo hukauka polepole sana, na kipande ambacho hakijakauka hupata nyufa. Vile vinne vilitiwa jikoni vikawa kuni, vikasahaulika. Lakini mti wake ulinunuliwa na ncha ililika. Matundu 24 mara Sh. 100/= ni Sh. 2,400/=.

Tena alikwenda mjini kuuza. Nauli ya kwenda na kurudi Sh. 8,000/=, chakula cha njiani Sh. 2,000/=. Sasa andika katika daftari lako:

Vipande vya mpingo . . . Sh. 6,000/=
Peni 20 za plastiki . . . Sh. 6,000/=
Msasa . . . Sh. 4,000/=
Nta . . . Sh. 2,000/=
Ncha ya keekee . . . Sh. 2,400/=
Nauli na chakula . . . Sh. 10,000/=
Jumla . . . Sh. 30,400/=

Aliuza Sh. 40,000/=. Toa Sh. 30,400/=. Zinabaki Sh. 9,600/=. Ile Sh. 28,000/= iko wapi? Haikuibiwa na mtu. Haikuwapo tangu mwanzo.

Bado hatujamaliza. Kazi ilichukua siku ngapi? Fundi alichonga siku 4. Siku ya 5 alikwenda mjini. Na msasa nani alipiga? Mke wake. Alikaa siku nzima barazani akisugua kalamu moja moja mpaka vidole vikamwuma. Ukimwuliza fundi, atasema, "Ah, huyo alinisaidia tu." Sisi hatukubaliani naye. Angemwita kijana wa jirani kupiga msasa, asingemlipa? Basi siku ya mama huyu ni siku ya kazi, nayo iandikwe. Zimekuwa siku 6.

Gawa Sh. 9,600/= kwa siku 6. Unapata Sh. 1,600/= kwa siku. Tuseme kijijini pale mtu akienda kupalilia ufuta wa mwenzake analipwa Sh. 6,000/= kwa siku. Kumbe fundi wetu, mwenye ujuzi na vyombo vyake, anapata chini ya theluthi moja ya malipo ya kibarua! Na ufuta wake mwenyewe umeota magugu.

Wengi huuliza: "Nitajilipaje mwenyewe? Fedha si inatoka mfuko huu na kuingia mfuko huu?" Ni swali zuri. Hatusemi ujihesabie noti mkononi. Tunasema, usipoiandika kazi yako katika gharama, mnunuzi anaichukua bure, na wewe hujui. Siku uliyoitumia kwa kalamu hukuitumia shambani. Hairudi.

Haya, tuitie kazi. Siku 6 mara Sh. 6,000/= ni Sh. 36,000/=. Jumlisha na zile Sh. 30,400/=. Unapata Sh. 66,400/=. Gawa kwa kalamu 20, si 24, maana zilizopasuka haziuziki. Jibu ni Sh. 3,320/=. Hiyo ndiyo gharama ya kalamu moja. Chini ya hapo fundi anatoa sadaka. Akiuza Sh. 4,000/= atapata Sh. 80,000/=, na baada ya kutoa gharama zote na kazi zitabaki Sh. 13,600/=. Hiyo sasa ni faida kweli. Ni ya kununulia msumeno mwingine, au ya kumsitiri siku ya ugonjwa.

Lakini nani atanunua kalamu ya Sh. 4,000/= wakati ya plastiki ni Sh. 300/=? Mwanafunzi hatanunua, na tusimlaumu. Anataka kitu cha kuandikia tu. Anayenunua kalamu ya mpingo anataka zawadi: ya mwalimu anayestaafu, ya binti aliyemaliza chuo, ya mgeni anayerudi kwao. Fundi akikaa na wanaotafuta peni ya Sh. 300/=, kila siku ataambiwa ni ghali. Apeleke mali yake wanakopita watu wa zawadi.

Na mti wenyewe usiuone wa bure. Mpingo huhitaji kiasi cha miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa. Huko Ulaya wanautengenezea zumari na vyombo vingine vya muziki vya bei kubwa. Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inaruhusu kijiji kutenga msitu wake na kupokea malipo ya miti inayovunwa humo. Wilayani Kilwa, vijiji vya Kikole na Kisangi vilifuata njia hiyo, na mwaka 2009 misitu yao ikapata cheti cha kimataifa cha FSC, cha kuonyesha kwamba inavunwa kwa utaratibu. Kwa hiyo hata kipande ulichopewa na rafiki, kiandikie bei. Siku rafiki akikosa, utanunua. Na ukinunua, dai stakabadhi uitunze.

Iko njia ya kupunguza gharama bila kujipunja. Nauli na chakula ni Sh. 10,000/= ukibeba kalamu 20 au 50. Ukibeba 20, kila kalamu inabeba Sh. 500/= za safari. Ukibeba 50, inabeba Sh. 200/= tu. Na ile siku ya safari, yenye thamani ya Sh. 6,000/=, inashuka kutoka Sh. 300/= hadi Sh. 120/= kwa kalamu. Basi gharama ya kalamu inakuwa Sh. 2,840/= badala ya Sh. 3,320/=. Mafundi wawili watatu wakimtuma mwenzao mmoja mjini na mali ya wote, watafika hapo mara moja.

Neno moja juu ya wenye maduka. Wapo wanaosema, "Niachie mali kauli, zikiuzwa nitakulipa." Si lazima wawe wabaya. Wanalipa pango na leseni, na kalamu inaweza kukaa kabatini miezi. Lakini kabla ya kuacha mali, andika katika daftari: kalamu ngapi, bei gani, tarehe gani ya kurudi kuhesabu. Yeye atie sahihi, na wewe utie sahihi. Zamani tulitia dole gumba na kuondoka bila kujua kilichoandikwa. Sasa soma kwanza.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mwenye duka anakuja mwenyewe kijijini kuchukua kalamu zote 20. Safari ya mjini haipo tena. Kila kalamu sasa ina gharama ya shilingi ngapi? Je, umkubalie akisema Sh. 2,500/=?

2. Badala ya vipande 4, vimepasuka 9 kati ya 24. Kalamu za kuuza zimebaki ngapi? Fundi afanye nini safari nyingine kabla ya kuanza kuchonga?

3. Chagua kitu kimoja kinachotengenezwa nyumbani kwako. Andika gharama zake zote. Kisha mwulize kila mtu wa nyumba: wewe ulifanya kazi siku ngapi?