Safari ya Katavi imeahirishwa: je, kiingilio kimepotea?

*Tulilipia kiingilio cha Hifadhi ya Katavi, mimi, mke wangu na watoto wawili. Msiba umetuzuia kwenda. Fedha ndiyo imekwenda? – Mwalimu, Sumbawanga*

Pole sana kwa msiba, Mwalimu. Usiihesabu fedha hiyo kuwa imepotea. Saa 24 za kibali huanza kuhesabiwa mnapoingia hifadhini, nanyi hamjaingia.

La kwanza ni kujua nani aliipokea fedha. Kama mlilipa wenyewe kwa kumbukumbu namba ya serikali, waandikieni wahifadhi kwenye ofisi yao ya Sitalike kabla ya tarehe mliyopangiwa. Ambatanisheni risiti na ombeni kubadilishiwa siku. Kuomba tarehe mpya ni rahisi kuliko kudai kurudishiwa. Kama ni wakala, mwombe akuonyeshe risiti ya hifadhi: huenda hajalipa bado, na gari lake, kama mlilikodi, lina masharti yake. Yote yawe kwa maandishi.

Mimi ningewapeleka watoto Agosti au Septemba, viboko wanapojazana kwenye madimbwi ya mto Katuma. Ila ulizeni viwango kwanza, maana mwaka mpya wa fedha huanza 1 Julai na huenda mkatakiwa kuongeza.

Wakala akikaa kimya au kukataa bila sababu, pelekeni risiti na ujumbe wenu Tume ya Ushindani.