Jando, Simu na Mwalimu wa Mtoto

Soma kwanza: Matendo ya Mitume 15:1–31 na 16:1–3



Mwaka jana tuliombwa kulishika darasa la kipaimara kwa majuma machache, maana mwalimu wake alikuwa mgonjwa. Tulipofika kwenye amri inayokataza uzinzi tuliwagawia vijana vikaratasi, wasiandike majina, tukawauliza: Mambo ya mwili wako na ya ndoa umefundishwa na nani? Wachache waliandika “bibi” au “mwalimu wa shule.” Wengi waliandika neno moja tu: “simu.” Hakuna aliyeandika “baba,” wala hakuna aliyeandika “Kanisa.”

Tulivichukua vikaratasi vile nyumbani, na usiku ule usingizi haukuja upesi. Tulikumbuka kwamba sisi tuliofundisha watoto wa watu miaka mingi, wa kwetu hatukuwaambia lolote juu ya jambo hili. Nyumbani tulidhani shule itawaambia. Shuleni tulidhani wazazi watawaambia. Basi somo la mwezi huu twaliandika kwanza kwa ajili yetu wenyewe.

1. Mitume waliamuaje?

Kwa Wayahudi tohara haikuwa desturi ndogo. Ilikuwa alama ya Agano tangu Ibrahimu. Watu wa Mataifa walipoanza kumwamini Kristo, wengine walifika Antiokia wakifundisha kwamba asiyetahiriwa hawezi kuokoka. Mitume na wazee wakakutana Yerusalemu. Petro alieleza aliyoyaona, Barnaba na Paulo wakaeleza yao, na Yakobo akayapima yote kwa Maandiko. Wakaamua kwamba Mataifa wasitwikwe mzigo huo, ila wajiepushe na vilivyotolewa kwa sanamu, na damu, na nyama ya mnyama aliyenyongwa, na uasherati.

Sasa tazameni sura inayofuata. Paulo, yule yule aliyewapinga walimu wa tohara, anamtahiri Timotheo! Je, amegeuka? La. Alipotakiwa amtahiri Tito alikataa (Wagalatia 2:3–5), maana watu walitaka kuifanya tohara kuwa sharti la wokovu. Kwa Timotheo alikubali, ili mlango wa kuwahubiria Wayahudi usifungwe. Kisu kilikuwa kile kile. Kilichotofautiana ni fundisho lililofuatana nacho.

Hapo twapata kanuni ya kwanza: desturi haipimwi kwa sura yake ya nje tu. Twauliza pia inafundisha nini, na nani anafundisha.

2. Wazee wetu wa Masasi

Kituo cha Masasi kilianza mwaka 1876, wakati Dkt. Edward Steere wa misioni ya UMCA alipofika huko pamoja na watu waliokombolewa utumwani kutoka Unguja. Katika nchi ile Wayao, Wamakua na Wamakonde walikuwa na jando lao. Mvulana alitahiriwa, akakaa kumbini pamoja na wenzake, akafundishwa na makungwi, kisha akatoka kwa shangwe akiwa mtu mpya.

Kanisa lifanye nini? Likikataza kabisa, watoto wataenda kwa siri. Likinyamaza, wataenda bila mwalimu Mkristo. Vincent Lucas, Askofu wa kwanza wa Dayosisi ya Masasi (1926–1944), akishirikiana na mapadre na wazee Waafrika, alifuata njia ya tatu. Tohara ilibaki, kumbi lilibaki, mafundisho ya heshima na utu uzima yalibaki. Matambiko na maneno machafu yaliondolewa. Padre na waalimu wa dini waliingia kati ya wari, na sala zikawa sehemu ya jando. Lucas aliamini kwamba kazi ya Injili haikuwa kuvunja mema ya watu bali kuyatimiza, kama Bwana alivyosema juu ya Torati (Mathayo 5:17).

Hatusemi kwamba yote yalikwenda sawa. Mambo ya wasichana yalikuwa magumu zaidi, maana unyago ni wa wanawake, na maaskofu na mapadre wa siku zile wote walikuwa wanaume. Lakini jambo moja wazee wale walilielewa vizuri: mahali mtoto anapofundishwa kuwa mtu mzima, Kanisa lisikose kuwapo.

3. Nafasi iliyobaki wazi

Siku hizi wavulana wengi hutahiriwa hospitalini, na wengine wangali wadogo sana. Hilo ni jema; kisu ni safi na kidonda hutunzwa. Lakini tuliona kwamba kisu kilihamia hospitalini, nayo mafundisho hayakuhamia popote. Mganga hana muda wa kukaa na mtoto majuma kadhaa akimfundisha namna ya kumheshimu mama yake, dada yake, na mke atakayemwoa. Kungwi amekwenda zake, na nafasi yake ikabaki wazi.

Bwana wetu alisema juu ya nyumba iliyofagiwa na kupambwa, lakini tupu, na jinsi pepo mchafu alivyorudi na wenzake saba walio waovu kuliko yeye (Mathayo 12:43–45). Nyumba tupu haikai tupu. Katika nafasi ile simu iliingia.

Wala tusiilaumu simu bure. Kwa simu twasoma Biblia, twapata habari za msiba, twamtumia bibi fedha za dawa. Lakini simu haimjui mtoto. Haijui kama ana miaka tisa au kumi na tisa. Humwonyesha mambo ya aibu bila kuona aibu, na kesho yake haimwulizi, “Mwanangu, mbona huna raha?” Kuhubiri dhidi ya simu, huku sisi tukikaa kimya nyumbani, ni kufagia nyumba na kuiacha tupu tena.

4. Yatupasa kufanya nini?

Tukutanapo na desturi yoyote, ya kale au ya kisasa, tujiulize maswali matatu. Kwanza, je, inachukua mahali pa Kristo? Pili, je, inamwumiza jirani? Ukeketaji wa wasichana, kwa mfano, hauwezi kubatizwa. Hapana budi kuuacha. Sheria ya Tanzania yenyewe inakataza kuwakeketa walio chini ya miaka 18 tangu mwaka 1998. Tatu, ndani yake nani anafundisha?

Kwa parishi yetu twapendekeza hivi. Kila mwaka, kabla ya kipaimara, ziwekwe Jumamosi mbili. Wavulana wakae na wazee wanaoaminika, wasichana na akina mama wanaoaminika. Wazazi waelezwe mapema yatakayofundishwa. Wafundishaji wawe wawili au zaidi, wala mtu mzima asikae faraghani na mtoto mmoja. Mganga au muuguzi aitwe aeleze mambo ya mwili kwa maneno ya kweli. Lakini Jumamosi mbili hazitoshi. Mzazi naye aanze nyumbani, hata kama ulimi utakuwa mzito. Sisi tulianza na mjukuu wetu mwezi uliopita, tukipalilia mahindi. Tulisema maneno machache tu, na tuliona haya. Kijana alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza swali moja, halafu la pili. Jua lilituchwea shambani.

Maswali ya kuzungumza katika vikundi

1. Kwa nini Paulo alimtahiri Timotheo, akakataa kumtahiri Tito?
2. Taja desturi moja ya kwenu iliyo njema, na moja isiyopatana na Injili. Toa sababu.
3. Mtoto wako amefundishwa na nani mambo ya utu uzima? Una hakika?

Tuombe: Ee Bwana Yesu, uliyekua nyumbani kwa Mariamu na Yusufu ukiwatii, utufungue midomo sisi wazazi na wazee, tuwafundishe watoto wetu kweli kwa upendo, wala wasikute nyumba zetu tupu. Amina.