SOMO LA AFYA: Pua Iliyogongwa Isingoje Siku Tatu

Somo la leo ni la pua. Msicheke, kwani ni jambo ambalo wengi wetu hulichukulia kama mchezo.

Tuchukue mfano. Mtoto wa miaka minane anacheza mpira, anapigwa kiwiko puani. Damu inatoka kidogo kisha inakoma, basi watu wanasahau. Usiku wa pili anakoroma na kupumua kwa mdomo. Mama anadhani ni mafua, ananunua dawa ya matone, lakini pua haizibuki. Siku ya nne ana homa, kichwa kinamuuma, na ncha ya pua haigusiki. Wakifika hospitali siku ya sita, daktari anatoa usaha. Mtoto anapona, ndiyo, lakini mgongo wa pua unaanza kubonyea katikati kama tandiko la punda. Na angeweza kupona bila alama kama angefika mapema.

Kuna nini humo ndani? Ule ukuta unaogawa matundu mawili ya pua, sehemu yake ya mbele ni gegedu, yaani mfupa laini unaokunjika kama wa sikio. Gegedu hili halina mishipa yake ya damu. Linalishwa na ngozi nyembamba iliyolifunika pande zote mbili. Wenye vitalu vya miche wanalijua jambo hili: ukichuna gome la mti kuzunguka shina lote, mti unakauka. Pua ikigongwa, mshipa mdogo unaweza kupasuka chini ya ile ngozi. Damu haipati njia ya kutoka, inavilia hapo na kuibandua ngozi kutoka kwenye gegedu, nalo linabaki na njaa. Ndani ya siku tatu hivi linaweza kuanza kufa. Tena damu iliyolala ni chakula cha viini, na ikiingiwa nao inageuka jipu. Gegedu lililokufa halioti tena, na kwa mtoto ni vibaya zaidi kwa sababu pua yake bado inakua. Jipu hilo likiachwa, viini vinaweza kufika mpaka kwenye ubongo.

Kwa hivyo mkague aliyegongwa siku hiyo hiyo, na umkague tena kesho na kesho kutwa. Inua ncha ya pua polepole kwa kidole gumba, umulike kwa tochi, hata ya simu. Ukuta wa katikati unatakiwa kuwa mwembamba. Ukiona umefura, upande mmoja au yote miwili, mwekundu au wa rangi ya zambarau, mpeleke hospitali leo. Hata usipoona kitu, pua ikiziba na kuuma baada ya kugongwa inatosha kuwa sababu ya kwenda. Usidanganywe na pua iliyonyooka kwa nje. Na kama anatapika, anasinzia ovyo, au maji meupe yanachuruzika puani, usikague chochote, kimbia naye.

Hospitalini kazi yenyewe si kubwa. Mtu mzima mara nyingi huchomwa ganzi. Mtoto huenda akalazwa usingizi. Daktari anapasua kidogo ile ngozi ndani ya pua, anatoa damu au usaha na kuosha kwa maji safi ya chumvi. Anaweza kuacha kipande cha mpira ili uchafu uendelee kutoka, halafu anajaza chachi matundu yote mawili ili ngozi ishikane tena na gegedu. Hapo watu wengi hulalamika, maana ni siku kadhaa za kupumua kwa mdomo. Msiitoe chachi nyumbani! Damu inaweza kujaa tena, ndiyo maana mgonjwa anaitwa arudi kuangaliwa. Dawa za kuua viini zimalizwe zote.

Yule anayetaka kutoboa kwa sindano au wembe nyumbani, mzuieni. Damu ikiwa bado inatoka, mkalishe, ainame mbele, afinywe sehemu laini ya pua dakika 10 bila kuachilia. Kuinamisha kichwa nyuma, kama tulivyofundishwa na nyanya zetu, kunamfanya ameze damu.

Kuna jambo lingine ambalo ni gumu kusema. Si kila pua iligongwa na mpira. Kuna mama aliyepigwa nyumbani, anasema ni mlango, anajifunika leso na kukaa ndani wiki nzima kwa aibu. Wiki hiyo ndiyo inayomharibu pua. Wanakikundi wenzake wamwendee, wamsindikize hospitali kwanza. Maswali mengine yatafuata.

Maswali ya kikundi: Mtoto wa mwanachama akiumia Jumanne, na mkutano wetu ni mwisho wa mwezi, nani ana ruhusa ya kufungua sanduku na kutoa nauli siku hiyo hiyo? Je, dispensari yetu inaweza kupasua, au tutatumwa mbele, na gari la kwenda huko huondoka saa ngapi?