Kutafuta Asimptoti Wima kwa Njia ya Vigawo

Polinomia moja ikigawanywa kwa nyingine, hupatikana funksheni wiano. Kwa kuwa hakuna namba igawanyikayo kwa sifuri, funksheni hiyo haina thamani pale ambapo asili yake ni sifuri. Wanafunzi wengi huishia hapo: huilinganisha asili na sifuri, kisha kila jibu wakaliita asimptoti. Njia hiyo haitoshi, na katika mtihani huwapotezea alama. Tuchukue mfano:

y = (x² − x − 6) / (x² − 9)

Asili ni sifuri iwapo x = 3 au x = −3. Je, grafu ina asimptoti mbili? Tutafute vigawo vya kiasi na vya asili:

y = [(x − 3)(x + 2)] / [(x − 3)(x + 3)]

Kigawo (x − 3) kimo juu na chini. Maadamu x si 3, twaweza kukifuta; hubaki y = (x + 2)/(x + 3).

Sasa tupime kwa namba. Iwapo x ni 2.99, y ni takriban 0.833, iwapo x ni 3.01, y ni takriban 0.834. Pande zote mbili zaikaribia 5/6. Mahali hapo grafu ina tundu tu.

Karibu na −3 mambo ni mengine:

x: −2.9, −2.99, −2.999
y: −9, −99, −999

x: −3.1, −3.01, −3.001
y: 11, 101, 1001

Hiyo ndiyo asimptoti wima: mstari x = −3, ambao grafu huukaribia bila kuugusa.

Kanuni basi ni hii: tafuta vigawo, futa vilivyo vya shirika, ndipo uilinganishe asili iliyobaki na sifuri. Lakini tahadhari! Katika (x − 1)/(x − 1)², kigawo kimoja hufutwa na kingine hubaki chini. Kwa hiyo x = 1 ni asimptoti.

Jambo hili limo pia katika fizikia. Kwa lenzi mbinuko yenye urefu wa fokasi wa sm 10, umbali wa taswira ni v = 10u/(u − 10). Kitu kikiwekwa sm 10.1 kutoka kwenye lenzi, taswira huwa umbali wa sm 1010. Kikiwekwa sm 10 kamili, miale hutoka sambamba, isikutane kamwe.

Zoezi: Tafuta asimptoti wima ya y = (x² − 4)/(x² − 5x + 6).

Jibu: x = 3. Penye x = 2 pana tundu, kwenye nukta (2, −4).